Horace na Kikombe cha Divai Rahisi

Majuma machache yaliyopita nilialikwa kwa chajio nyumbani kwa mwenzangu mmoja katika kazi hii ya kufunza. Tulikuwa watu saba. Mwenyeji wetu alikuwa ametuandalia wali, nyama ya mbuzi, mboga za majani na chupa tatu za divai nyekundu kutoka Afrika Kusini, zile ambazo mtu wa mshahara wa kawaida aweza kuzinunua bila kuchelewesha kodi ya nyumba. Mazungumzo yalikuwa yamekolea mpaka mgeni mmoja alipoinyakua chupa, akaigeuzageuza, akakisoma kibandiko chake kwa sauti, kisha akaanza kutuhesabia majina na bei za divai anazozinywa yeye katika hoteli kubwakubwa. Sikumwona mwenyeji wetu akikasirika. Nilimwona akiona haya, na hilo ndilo lililonichoma moyo.

Usiku ule nilimkumbuka mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mtu huyo alikuwa mwana wa baba aliyewahi kuwa mtumwa. Alimwalika nyumbani kwake mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote mjini Roma, akamwandalia divai ya bei ya chini, na wala hakuona haya. Zaidi ya hayo, alimwarifu mgeni wake mapema, kwa shairi, kwamba divai atakayoikuta ni rahisi. Jina lake ni Quintus Horatius Flaccus, ambaye wasomi wengi wamezoea kumwita Horace. Maisha yake yana somo kwetu sisi tunaodhani kwamba heshima ya karamu hupimwa kwa risiti ya dukani.

Kabla sijaendelea, ningependa kutoa tanbihi mbili. Kwanza, wapo wasomaji wengi ambao dini zao au nadhiri zao haziwaruhusu kugusa kileo. Siwatongozi. Yale nitakayoyasema yanahusu ukarimu na uhuru wa mtu, mambo ambayo huweza kuonekana katika kikombe cha chai ya maziwa sawasawa na katika kikombe cha divai. Pili, naandika kama mwanaisimu, na lugha yetu ina la kusema katika mjadala huu. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, na divai tukaipata kwa Wafaransa. Nalo neno rahisi, lenye asili ya Kiarabu, tumelitwika mizigo miwili: kisichokuwa kigumu na kisichokuwa ghali. Kilatini cha Horace kililitwika neno lake mizigo mingine. Neno alilolitumia kuieleza divai yake lilimaanisha kitu cha bei ya chini, lakini pia kitu duni, kisichokuwa na thamani. Alilichagua neno hilo kwa makusudi, akaliweka mwanzoni kabisa mwa shairi, kana kwamba anamtazama mgeni wake machoni.

Horace alizaliwa tarehe 8 Desemba mwaka wa 65 K.K. katika mji mdogo wa Venusia, kusini mwa Italia. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Kwa jasho lake alipata kishamba kisichokuwa na rutuba, na kazi ya kukusanya fedha katika minada. Katika jamii ya Kirumi, mwana wa mtu wa namna hiyo alikuwa huru kisheria, ila doa la utumwa wa baba yake lilimfuata kila mahali. Watu waliokosa hoja ya kumjibu waliweza kumkumbusha asili yake wakati wowote.

Palikuwa na shule pale Venusia. Wana wa maofisa wa jeshi waliostaafu walikuwa wakiiendea huku mikoba imening'inia mabegani. Baba yake Horace hakuridhika nayo. Alimchukua kijana wake hadi Roma, akamtia katika shule walizosomea wana wa maseneta, na kwa kuwa hakuwa na mtumishi wa kumwaminia kazi ya kumsindikiza mtoto, alimsindikiza mwenyewe, darasa baada ya darasa. Mmoja wa walimu wake, Orbilius, alisifika kwa kiboko. Msomaji aliyepitia shule zetu za zamani hatahitaji maelezo zaidi. Miaka mingi baadaye, Horace alipokuwa amekwisha kuwa rafiki wa wakubwa, aliandika kwamba hata kama binadamu wangepewa fursa ya kuchagua wazazi upya, yeye angemchagua baba yuleyule. Katika mji ambao watu walikuwa wakibuni nasaba ili wapate kujitukuza, kauli hiyo ilihitaji ujasiri.

Alipokaribia umri wa miaka 20 alikwenda Athens kusoma falsafa. Huko ndiko alikokutwa na tufani ya siasa. Julius Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka wa 44 K.K., na Brutus, mmoja wa waliomuua, akafika Athens kutafuta vijana wa kujiunga na jeshi la kuitetea jamhuri. Horace alijiunga. Mwana wa mtumwa wa zamani akapewa cheo cha ofisa wa lejioni, jambo lililowaudhi wengi. Mwaka wa 42 K.K., katika mapigano ya Philippi kule Makedonia, jeshi la Brutus lilishindwa na majeshi ya Antonius na Octavianus. Horace alitoroka. Baadaye alikiri kwa mzaha katika shairi kwamba aliitupa ngao yake, tendo ambalo kwa askari wa Kirumi lilikuwa fedheha kubwa.

Aliporejea Italia kwa msamaha uliotolewa kwa walioshindwa, alikuta nyumba na shamba la baba yake vimekwenda. Ardhi ya Venusia ilikuwa imegawiwa askari wa upande ulioshinda. Alijipatia kazi ya ukarani katika hazina ya serikali, na wakati uo huo akaanza kuandika mashairi. Yeye mwenyewe alisema kwamba ni ufukara uliomsukuma kwenye ushairi. Washairi Virgil na Varius waliyapenda maandishi yake, wakampeleka kwa Maecenas, tajiri mkubwa na mshauri wa karibu wa Octavianus, yule ambaye baadaye aliitwa Augustus.

Mkutano huo wa kwanza, uliofanyika yapata mwaka wa 38 K.K., wastahili kusimuliwa. Horace alishikwa na kigugumizi cha haya. Hakujidai kuwa ametoka katika ukoo mkubwa, wala hakudanganya kwamba ana mashamba mapana na farasi wa kuyazungukia. Alisema tu yeye ni nani. Maecenas alijibu kwa maneno machache, kama ilivyokuwa desturi yake, akamruhusu aende. Ikapita miezi 9 kimya. Kisha akamwita na kumwambia kwamba tangu siku hiyo awe miongoni mwa marafiki zake.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chetu. Sisi Waafrika tunaijua vizuri hali ya maskini aliyepata rafiki tajiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini je, ainame mpaka wapi? Miaka michache baadaye Horace alipata shamba katika milima ya Wasabini, kiasi cha kilomita 45 hivi kaskazini mashariki mwa Roma, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba lilikuwa zawadi ya Maecenas. Palikuwa na nyumba, bustani, chemchemi isiyokauka na msitu mdogo. Horace aliandika kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyaombea dua siku zote, na kwamba miungu imempa zaidi ya alivyoomba. Tangu hapo hakuwa tena mtu wa kuhangaikia chakula cha kesho. Hata hivyo kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa na alama ya mkono wa mwingine.

Sasa turudi kwenye divai. Warumi walikuwa na ngazi ya divai kama tulivyo nayo sisi leo. Juu kabisa zilikaa Caecuban, iliyotoka katika mabwawa karibu na pwani kusini mwa Roma, na Falernian, iliyotoka katika miteremko ya mpaka wa Latium na Campania. Divai hizo ziliwekwa miaka mingi katika mitungi, kila mtungi ukatiwa alama ya majina ya makonsuli wa mwaka uliotiwa divai, maana Warumi waliuita mwaka kwa majina ya makonsuli wake. Chini ya ngazi zilikuwapo divai za vilabuni. Katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na majivu ya volkeno mwaka wa 79 B.K., wachimbuzi walikuta maandishi ukutani yakitangaza bei: sarafu moja ndogo ya shaba kwa kikombe cha kawaida, mbili kwa kilicho bora, na nne kwa kikombe cha Falernian. Kwa hivyo hata mchukuzi wa bandarini alijua tofauti kati ya divai ya watu na divai ya mabwana. Karibu wote waliinywa kwa kuichanganya na maji. Kuinywa kavu kulihesabiwa kuwa ushenzi.

Divai ya Wasabini ilikuwa ya ngazi za chini. Msimamizi wa shamba la Horace alinung'unika kwamba kona ile ya dunia ingeotesha pilipili manga na ubani upesi zaidi kuliko zabibu, na kwamba hapakuwa na kilabu karibu. Lakini Maecenas alipotazamiwa kufika, Horace alimwandikia shairi fupi la beti tatu. Alimweleza kwamba atakunywa divai rahisi ya Wasabini katika vikombe vya kawaida. Akamweleza pia kwamba divai hiyo aliitia mwenyewe, kwa mikono yake, katika mtungi wa Kigiriki na kuuziba, siku ile ambayo Maecenas aliingia katika ukumbi wa michezo baada ya kuugua sana, na umati ukamshangilia mpaka mwangwi ukarudi kutoka kilimani ng'ambo ya mto Tiber. Mwishoni alimkumbusha mgeni wake kwamba Caecuban anayo kwake nyumbani, na kwamba katika vikombe vya Horace Falernian haimo.

Msomaji, lichunguze shairi hilo. Horace hakuomba radhi, wala hakukopa ili apate kununua chupa ya kumpendeza mkubwa. Alimpa mgeni wake kitu ambacho Maecenas, pamoja na maghala yake yote, asingaliweza kukinunua: tarehe. Mtungi ule ulikuwa umehifadhi siku ambayo rafiki yake aliponea chupuchupu, na aliyeiweka tarehe hiyo ni mtu aliyefurahi kumwona angali hai. Mwenye kuionja divai ile alikuwa akionja siku ile. Bei yake ilikuwa na umuhimu gani hapo?

Desturi hiyo hakuifanya mara moja tu. Siku moja mti ulianguka shambani mwake na nusura umponde kichwa. Tangu hapo akawa akiiadhimisha tarehe 1 Machi kila mwaka kwa kuufungua mtungi uliokaa muda mrefu katika moshi wa dari, na Maecenas alialikwa kuacha wasiwasi wa dola kwa usiku mmoja. Na rafiki yake wa zamani Pompeius, waliyepigana naye bega kwa bega katika jeshi la Brutus, aliporejea Italia baada ya miaka mingi ya vita, Horace alimwambia kwamba mitungi imekuwa ikimngoja. Safari hii ilikuwa divai nzuri ya Massic. Wawili hao walikuwa wameshindwa vita pamoja. Mmoja alitoka mapema, mwingine akachukuliwa tena na mawimbi. Walikaa chini ya mti wa mlori wakanywa ili wasahau. Katika nchi iliyokuwa imechinjana kwa takriban miaka 20, kukaa na adui wa jana au mshindwa mwenzako na kumimina kikombe kulikuwa ni tendo la siasa. Sisi tulioshuhudia majirani wakigeuka maadui baada ya uchaguzi wa mwaka wa 2007 tunaweza kulielewa jambo hilo bila mkalimani.

Horace aliwajua pia wale wanaotumia divai kama rungu. Katika mojawapo ya tungo zake za kejeli alisimulia karamu ya tajiri mmoja aitwaye Nasidienus, aliyemwalika Maecenas ili ajipatie sifa. Watumishi waliingia kwa maandamano wakibeba Caecuban na divai ya kisiwa cha Chios. Mwenyeji hakutosheka. Alimwarifu Maecenas kwamba kama angependelea Falernian au ile ya Alba, zote zimo ghalani. Kila sahani ilipoletwa aliitolea mhadhara: samaki huyu alivuliwa lini, mafuta haya yalikamuliwa wapi, tufaha hizi zilichumwa mwezi ukiwa katika hali gani. Ghafula mapazia yaliyotungikwa juu ya meza yakaanguka na kuijaza karamu vumbi. Wageni walijiziba vinywa kwa vitambaa wasije wakaangua kicheko. Hatimaye walitoroka pasi na kuonja vyakula vya mwisho, si kwa kuwa vilikuwa vibaya, bali kwa kuwa mwenyeji alikuwa amevigeuza kuwa somo. Niliposikia kibandiko cha chupa kikisomwa mezani kwa mwenzangu, mapazia ya Nasidienus yalinijia akilini.

Linganisha karamu hiyo na mwaliko ambao Horace mwenyewe alimpelekea wakili Torquatus. Alimtahadharisha kwamba viti ni vya kawaida, kwamba atakula mboga katika sahani ndogo, na kwamba divai ni ya miaka michache tu. Akamtajia mahali ilikotoka, kisha akamwambia kwamba kama ana iliyo bora basi ailete, vinginevyo akubali amri ya mwenyeji. Alichoahidi Horace ni vitu vingine: meko yamesuguliwa, vitambaa ni safi, vikombe vinang'aa, na miongoni mwa wageni hamna atakayeyabeba mazungumzo nje ya kizingiti. Kesho yake ilikuwa sikukuu, kwa hivyo wangeweza kukesha wakizungumza. Na ikiwa mteja anamngoja Torquatus barazani, yeye apitie mlango wa nyuma. Usafi, uaminifu na wakati havinunuliwi kwa bei kubwa, na ndivyo vitu vitatu vinavyokosekana katika karamu zetu nyingi.

Isidhaniwe kwamba Horace alikuwa mlevi aliyejificha nyuma ya ushairi. Aliandika waziwazi kuhusu wanaopigana kwa vikombe walivyoumbiwa kufurahia, na kuhusu divai inayozidi kipimo, ikafumbua siri na kupandisha kiburi. Nasi hatuna budi kuongeza la kwetu. Rahisi anayoisifu yeye si sumu. Mwaka wa 2000, katika vitongoji vya Nairobi, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Wale hawakuuawa na bei ndogo. Waliuawa na uchu wa wauzaji wa kupata faida kwa maisha ya maskini. Kinywaji cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa uaminifu ni jambo moja. Mauti katika kibuyu ni jambo jingine.

Vilevile tusimfanye malaika. Mwana huyu wa mtumwa aliyeachwa huru alimiliki watumwa. Shamba lile la amani lilifanyiwa kazi na watumwa 8, na mitungi iliyomfurahisha ilibebwa na mabega ya watu wasiokuwa na hiari. Katika utungo mmoja alimpa mtumwa wake Davus nafasi ya kumsuta, wakati wa sikukuu ambapo watumwa waliruhusiwa kusema, na Davus akamthibitishia kwamba yeye, bwana, ndiye mtumwa wa tamaa zake. Utungo unamalizikia kwa bwana kutishia kumpeleka shambani awe wa tisa. Kwa namna fulani Horace alijicheka. Lakini hakumwacha huru Davus katika shairi lile, na sisi ambao pwani yetu iliona misafara ya watumwa hatuwezi kuipita sehemu hiyo kimyakimya.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa uhuru wake mwenyewe. Safari moja alimwahidi Maecenas kwamba atakaa shambani siku tano, akakaa mwezi mzima wa Agosti. Mfadhili alipoonyesha kutoridhika, Horace alimjibu kwa waraka wa heshima ambao ndani yake umefichwa wembe. Alisimulia kisa cha mbweha mwembamba aliyepenya katika ufa wa ghala la nafaka, akala akashiba, akajaribu kutoka asiweze kwa sababu ya tumbo. Kicheche akamshauri akonde kwanza kama alivyokuwa alipoingia. Horace akaongeza kwamba ikiwa kisa hicho kinamhusu yeye, basi yuko tayari kurudisha kila kitu. Alimsifu Maecenas kwa kutokuwa kama yule mwenyeji anayemlazimisha mgeni kubeba mapeari, huku akimwambia kwamba atakayoyaacha wataliwa nguruwe. Hata hivyo alisema wazi kwamba hatabadilisha uhuru wake kwa utajiri wa Uarabuni.

Baadaye Augustus mwenyewe, bwana wa dola nzima, alimtaka awe katibu wake wa kuandika barua. Horace alikataa. Inashangaza kwamba Augustus hakukasirika. Aliendelea kumwandikia na kumtania kwa ufupi wake na unene wake. Haya yasemwe pia kwa haki: Horace alimtungia Augustus mashairi ya sifa, na mwaka wa 17 K.K. alitunga wimbo wa sherehe ya dola ulioimbwa na wavulana 27 na wasichana 27. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, nami siwezi kusema kwamba hawana hoja. Mtu aliyepigana upande wa jamhuri akaja kumsifu aliyeizika. Hata hivyo kuna mpaka aliouweka na hakuuvuka. Aliutoa ushairi wake, lakini siku zake na meza yake hakuvitoa.

Naamini kuna uhusiano kati ya mtungi ule wa divai rahisi na ule ujasiri wa kukataa ukatibu. Mtu ambaye anaweza kumkalisha mkubwa kwenye kiti cha kawaida na kummiminia alicho nacho hajaanza kunenepa ndani ya ghala. Ufa alioingilia bado unamtosha kutokea. Lakini mtu anayekopa ili aonekane wa daraja ya mgeni wake, huyo amekwisha kujifunga. Nimewaona wasomi wenzangu waliokuwa na ulimi mkali wa kusema kweli. Wakazoea karamu, wakazoea magari, wakazoea divai za majina marefu, na siku walipohitajika kusema, matumbo yakawazuia mlangoni.

Horace alichapisha vitabu vitatu vya kwanza vya mashairi yake ya lirika mwaka wa 23 K.K., jumla ya mashairi 88, na divai, marafiki na ufupi wa maisha hurejelewa humo mara kwa mara. Alikuwa amemwahidi Maecenas katika shairi kwamba siku ya kufa hawataachana. Maecenas alifariki mwaka wa 8 K.K., akimwomba Augustus katika wosia wake amkumbuke Horace kama anavyomkumbuka yeye. Tarehe 27 Novemba mwaka uo huo Horace naye alifariki, ghafula kiasi kwamba hakupata nguvu za kutia muhuri wosia wake. Alikuwa karibu kutimiza miaka 57. Alizikwa katika kilima cha Esquiline, kando ya kaburi la rafiki yake.

Historia ilikuwa na kichekesho kimoja ilichokiweka akiba. Mwaka wa 301 B.K., mfalme Diocletianus alitoa amri ya bei za juu za bidhaa katika dola yote. Kwa kipimo cha kiasi cha nusu lita, divai ya kawaida ya mashambani iliwekewa dinari 8, na Falernian tukufu dinari 30. Na divai ya Wasabini? Nayo iliwekewa dinari 30, sawasawa na Falernian. Ile ambayo mshairi aliiita duni mbele ya Maecenas ilikuwa imepanda ngazi hadi kukaa na mabwana. Sijui kama Horace angefurahi. Huenda angelazimika kutafuta nyingine ya kuwaandalia marafiki zake.

Juma lijalo ni zamu yangu kuwakaribisha wale wenzangu sita, na sitamwacha nje yule msoma vibandiko. Nitanunua divai nyekundu ya kiasi cha mfuko wangu. Nitasafisha vikombe, nitaomba simu zizimwe, na kabla hatujaonja nitawaambia kwa nini nimeichagua: mwenyeji wetu wa safari ile anatimiza miaka 20 tangu aingie darasani kufunza, na hapana aliyekumbuka kumshangilia.